Kisogo cha Mheshimiwa

Kuna msusi wa kusuka na kuna msusi wa kuongea, na kwa Bi Chanuo wote wawili walikuwa mtu mmoja. Jina hilo alipewa kwa sababu ya chanuo la mbao lililochomoza nyweleni mwake saa zote, hata siku alipokwenda kung'olewa jino. Daktari wa meno alimwomba alitoe ili aegemeze kichwa. Alilitoa, akalishika mkononi, akaendelea kumsimulia daktari habari za jirani yake mpaka ganzi ilipomzidi nguvu.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Ukutani kioo, mbele ya kioo kiti cha kuzunguka kilichogoma kuzunguka, pembeni sinki, na kwenye kona draya, ile mashine ya kukaushia nywele yenye kofia kubwa inayomeza kichwa kizima. Nafasi yote iliyobaki ilikuwa ya benchi. Hapo walikaa wanaosubiri kusukwa, waliokwisha kusukwa wasiotaka kwenda nyumbani, na mabibi wawili watatu ambao hawakuwa na nywele za kushikika lakini walikuja kila siku kwa ajili ya mazungumzo. Bi Chanuo hakuwafukuza. Alijua fika kwamba wateja wake wangeweza kusukwa popote. Waliloshindwa kulipata popote ni benchi lile.

Basi siku moja wifi yake, dada wa mumewe, aliingia akihema, na karatasi mkononi. Wifi huyu alikuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na ulimi usiojua kuzunguka. Kama una kitambi, atakwambia una kitambi. Alisimama katikati ya chumba akasoma rasimu ya sheria ndogo ya saluni iliyobandikwa kwenye mlango wa halmashauri. Kila kiti cha mteja kizungukwe na kuta nne zinazofika darini. Asiyehudumiwa asikae ndani ya saluni. Yote hayo, ilisema rasimu, kwa ajili ya afya na staha ya jamii.

Benchi likalipuka. Bibi mmoja aliuliza kama yeye sasa ni ugonjwa.

"Kuta nne humu?" Bi Chanuo akasema, akipima chumba kwa macho. "Mteja akiingia yeye, mimi nitabaki barabarani. Nitamsuka kwa kupitisha mikono dirishani?"

Watu walicheka, naye akacheka, lakini vidole vyake vilisimama kwenye nywele za mteja, jambo ambalo halikuwa kawaida. Chumba kikubwa zaidi hakuwa na uwezo nacho. Sheria ikipita, saluni inafungwa, na yeye anarudi kukaa nyumbani na mume ambaye ni fundi saa, mtu mwema, lakini mwenye maneno machache kama mvua ya kiangazi. Wazo hilo lilimtisha kuliko njaa.

Umoja wa Wasusi ulikutana haraka. Mwenyekiti wao, mama mmoja mnene mwenye saluni ya vioo karibu na stendi, alisema halmashauri imeitisha kikao cha kupokea maoni, na kila kundi litoe msemaji mmoja. Hakumaliza sentensi. Kidole cha kila mtu kilikuwa kimeshamwelekea Bi Chanuo. Nani mwingine? Mwanamke aliyewahi kumsimulia mteja hadithi moja tangu mwanzo wa rasta hadi mwisho wa rasta, na zile zilikuwa rasta ndogondogo! Alikubali kwa madaha, akaahidi kwamba madiwani watamkoma.

Nyumbani akamketisha mumewe kwenye kochi ili afanye mazoezi.

"Wewe ni diwani," akamwambia. "Nikazie macho."

Mume akakaza macho. Kazi ya saa imempa macho ya kukaza kweli kweli. Bi Chanuo akafungua mdomo, akasema, "Waheshimiwa madiwani," kisha akasema tena, "Waheshimiwa madiwani." Akaangalia dari. Akaomba maji.

"Una homa?" mume akauliza.

"Sina homa. Anza kunitazama upya."

Walianza upya, na upya tena, na kila mara ulimi ulimnata kama umepakwa gundi. Mwishowe fundi saa akachoka, akageuka kutafuta miwani yake nyuma ya kochi. Hapo hapo, alipompa kisogo, mkewe akafunguka. Alimwaga hoja moja baada ya nyingine, kwa mifano na vichekesho, mpaka mume akabaki ameinama vile vile kwa kuogopa kuukatiza mto. Alipogeuka kumpongeza, mto ukakauka.

Fundi saa alifikiri kidogo, kama anavyofikiri juu ya saa iliyosimama.

"Mke wangu," akasema, "wewe maisha yako yote hujaongea na watu. Umeongea na visogo."

Ilikuwa kweli, na Bi Chanuo alikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Tangu akiwa msichana anayefundishwa kazi, alisimama nyuma ya vichwa. Watu walimweleza mambo yao wakitazama mbele, naye akawajibu akitazama utosi. Wateja wengine akikutana nao sokoni huwapita kama hawajui, mpaka wageuke ndipo aseme, "Ah, kumbe ni wewe!" Wengi walimwona ana maringo. Hakuwa na maringo hata kidogo. Alikuwa anasubiri wageuke.

Alitaka kujiuzulu usemaji, lakini alimwogopa mwenyekiti wa Umoja, na zaidi alilihurumia benchi. Kwa hiyo siku ya kikao ilimkuta akitetemeka mikono. Ili kuituliza mikono, akakubali kumsuka wifi yake asubuhi ile, maana wifi alikuwa ameapa haendi mbele ya serikali na nywele timtim. Wakaanza mtindo wa twende kilioni, ambao kwa siku ile ulikuwa na jina baya kidogo. Wakazungumza, wakasahau saa, na kumbe mke wa fundi saa naye huchelewa. Waliondoka mbio, wifi akiwa amesukwa upande wa kulia tu, upande wa kushoto umesimama kama umeona jini.

Ukumbi wa halmashauri ulijaa. Mbele, kwenye jukwaa, kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, na nyuma yake madiwani. Katikati alikaa mwenyekiti wa kamati, diwani mwanamke aliyejulikana mji mzima kwa kutocheka. Rasimu ilikuwa ya kwake. Yeye ndiye aliyeileta na yeye ndiye aliyeisukuma. Alivaa wigi lililonyooka kama limepigwa pasi, na miwani aliyoitumia kumtazamia mtu juu yake. Wenye maduka walisema yao, wauza dawa wakasema yao, kisha karani akaita msemaji wa wasusi.

Bi Chanuo akasogea kwenye kipaza sauti. "Waheshimiwa madiwani," akasema.

Ukumbi ukasubiri.

"Waheshimiwa madiwani."

Sauti iliyofuata ilikuwa ya kumeza mate, na kipaza sauti kile kilikuwa kizima, kikaitangaza mpaka safu ya nyuma. Mwenyekiti wa Umoja akakohoa kwa hasira. Diwani akamtazama msemaji juu ya miwani.

"Tunakusikiliza, mama."

Huko kusikilizwa ndiko kulikokuwa kunamuua. Nyuso zote zile, macho yote yale, wala hakuna hata utosi mmoja! Bi Chanuo aliliona benchi lake likibebwa kwenye mkokoteni. Alitaka kulia, na nadhani angelia, kama wifi yake asingeinuka.

Wifi alikuwa safu ya mbele. Alibeba kiti chake cha plastiki, akakitua mbele ya kipaza sauti, akakaa akiwatazama madiwani, na kisogo chake chenye sura mbili akampa Bi Chanuo.

"Nimalizie," akasema. "Sirudi nyumbani hivi."

Karani alisimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, kanuni za ukumbi—"

"Kanuni ipi inakataza kusuka?" diwani akauliza.

Karani akapekua kanuni. Zilikataza kuvuta sigara, kula, na kuingia na mbwa. Akakaa.

Bi Chanuo akachomoa chanuo nyweleni, akagawa nywele kwa mstari ulionyooka, vidole vikaingia kazini, na ulimi ukavifuata.

"Sasa jamani," akasema, na sauti ilikuwa ile ile ya saluni, "mnasema kuta. Mimi nina chumba kimoja. Nikikitia kuta nimefunga duka, hilo tuliweke kando, ni langu na mume wangu. Lakini hizo kuta ni za kumkinga nani na nani? Mtu hasukwi kwa sababu nywele zimemshinda tu. Anasukwa kwa sababu nyumbani kumemshinda. Juzi binti mmoja kaja kwangu hana kazi, kaondoka na kazi, na aliyempa kazi alikuwa amekaa benchini kafunga taulo kichwani. Inamisha kichwa, wifi. Mngejenga ukuta, yule binti angeondoka na nywele nzuri na njaa yake."

Ukumbi ulicheka. Diwani hakucheka, lakini alilaza kalamu mezani. Bi Chanuo hakuyaona hayo. Alishasahau alipo.

"Tunasengenya, ndiyo. Sikatai, mimi mwenyewe kinara. Lakini masengenyo mkiyasikia nusu ni sumu, mkiyasikia mpaka mwisho mara nyingine ni dawa. Zamani kidogo kaja mwanamke kwangu, mgeni, wala jina lake sikulipata. Nikamwosha, nikamweka chini ya draya. Sasa benchini alikuwepo jirani yake, akatunong'oneza: huyu ni mpangaji wa ile nyumba ya bluu, mumewe kamkimbia, kabeba kila kitu, mpaka mapazia. Mapazia, jamani! Tukacheka. Mtu anayekimbia ndoa kabeba mapazia, anakwenda kuyatundika wapi? Mmoja wetu, simtaji—"

"Ni mimi," wifi akasema kwenye kipaza sauti.

"—akasema, na huyu mama naye mkali, hata mimi ningekimbia. Tukacheka mpaka basi. Yule mwanamke akainuka, nywele hazijakauka, akaniachia hela yangu, akaondoka. Tukasema labda ana haraka. Alipotoka, bibi mmoja akauliza: sasa anavua nguo wapi, na madirisha wazi, mtaa mzima unamwona? Kicheko kikatukauka. Tukawa wadogo sote. Mshonaji mmoja akasema kitambaa anacho, wengine wakaleta uzi na pete za kutundikia, tukamshonea mapazia pale pale benchini, ya maua makubwa ya njano. Tukampelekea. Nyumba ya bluu tumeikuta imefungwa, kahama. Tukamsubiri saluni. Hakurudi mpaka leo."

Alifika mwisho wa mstari mmoja wa nywele, akaufunga. Ndipo alipotambua kwamba ukumbi umekuwa kimya, na kwamba mheshimiwa diwani amevua miwani.

"Huyo mwanamke," diwani akasema, "alikuwa anasikia."

"Hapana, Mheshimiwa," Bi Chanuo akajibu kwa upole wa mtu anayeijua kazi yake. "Alikuwa chini ya draya. Mtu aliye chini ya draya hasikii kitu."

Wasusi wote ukumbini wakatikisa vichwa kukubali. Hilo ndilo jambo la kwanza msusi hufundishwa, na kila mmoja wao alikuwa ameijenga nusu ya furaha ya kazi yake juu ya msingi huo. Mteja chini ya draya hupayuka anapoongea. Basi kama anapayuka, ni kiziwi.

"Anapayuka kwa sababu hajisikii yeye," diwani akasema. "Ninyi anawasikia. Kila neno."

Nilivyosimuliwa, hapo ilisikika sauti ya wasusi wengi wakivuta pumzi kwa pamoja. Kila mmoja alikuwa anakumbuka yake. Mwenyekiti wa Umoja alishika kifua, na hakuna aliyethubutu kumuuliza amekumbuka nini.

"Ungemwona leo ungemtambua?" diwani akauliza.

"Uso, hapana." Bi Chanuo alikuwa ameanza kushikwa na baridi. "Nyuso mimi zinanipita. Lakini kisogo chake ningekitambua popote. Alikuwa na alama ya kuzaliwa hapa nyuma ya shingo, kubwa kama punje ya maharage."

 Diwani akazungusha kiti chake, taratibu, mpaka akaupa ukumbi mgongo, na kwa mkono mmoja akaliinua wigi lile lililonyooka.

Alama ilikuwepo.

Bi Chanuo aliachia nywele za wifi yake. Alipanda jukwaani, akaizunguka ile meza ndefu ya kijani, na karani hakukumbuka kanuni yoyote ya kumzuia. Akasimama nyuma ya kiti cha diwani, mahali ambapo angesimama kama wangekuwa saluni.

"Dada yangu," akasema, bila kipaza sauti, "tulikukosea. Nisamehe."

"Niliondoka kwenye kucheka," diwani akasema, bado akiangalia ukuta. "Sikufika kwenye mapazia."

Watu wa safu za nyuma hawakusikia maneno hayo, lakini waliwaona waliosikia wakijifuta macho, wakajifuta na wao. Bi Chanuo alilia waziwazi, kwa sauti, kama mtoto aliyekanyaga mwiba. Diwani akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu kurudi kazini, hayo mapazia yako wapi sasa.

Hapo palikuwa pagumu. Bi Chanuo akajikuna kichwa kwa chanuo.

"Mheshimiwa, nisiseme uongo. Nilisubiri muda mrefu. Yapo dirishani kwangu, chumbani."

"Kumbe ndiyo yale!" wifi akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake cha plastiki. "Na mimi uliniambia umenunua yanayofanana!"

Hapo diwani akacheka. Alicheka huku amewapa watu kisogo, mabega yakitikisika, na kwa vile mji ule haukuwa umewahi kumwona akicheka, wengine walidhani amezidiwa na kilio, wakampelekea maji.

Kifungu cha kuta kilifutwa, na cha benchi kikafutwa pamoja nacho. Diwani mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya wenzake akasema vililetwa kwa hasira, na kwamba hasira si afya ya jamii. Alitaka kuweka kifungu kingine, kwamba aliye chini ya draya asijadiliwe. Mwanasheria wa halmashauri akamwomba, kwa heshima zote, wasifike huko. Lakini wasusi hawakungoja sheria. Mwenyekiti wa Umoja aliandika kwa rangi nyekundu ALIYE CHINI YA DRAYA ANASIKIA, akabandika saluni kwake, na kabla jua halijazama kila saluni mjini ilikuwa na maneno hayo.

Bi Chanuo aliyashusha mapazia, akayafua, akayapiga pasi. Mumewe aliamka na jua usoni, akafumba macho, akauliza kama wameibiwa. Alipoelezwa, alisema, "Yarudi kwa mwenyewe," akageukia ukuta, akalala tena.

Mwenyewe alikuja Jumamosi, bila dereva na bila wigi. Benchi lilikuwa limejaa, na lilipomwona likasimama lote, kama anaingia hakimu. Bi Chanuo alimkabidhi fuko la mapazia. Diwani akachungulia ndani, akayaona yale maua makubwa ya njano, akalifunga fuko na kulipakata wakati wote wa kuoshwa nywele. Kisha akakaa chini ya draya, fuko mapajani, na mashine ikawashwa.

 Bibi mmoja alitazama kucha zake. Mwingine alisoma tangazo jekundu ukutani, akalisoma tena. Wifi, aliyekuwa amejibana mwisho wa benchi, alishika midomo yake kwa vidole viwili. Saluni ile haikuwahi kuwa kimya namna hiyo tangu ifunguliwe, na Bi Chanuo, aliyekuwa nyuma ya kichwa cha mteja mwingine, aliona hata yeye ulimi hauendi. Walikuwa wamelipigania benchi lisijengewe ukuta, na sasa wameujenga wenyewe.

"MBONA MMENYAMAZA?" diwani akapayuka kutoka chini ya kofia.

Bibi wa kucha akarudi kwenye kucha zake.

"ALIYESEMA MIMI MKALI YUPO?"

Wifi alifikiria kutoka kwa mlango wa nyuma, akakumbuka hakuna mlango wa nyuma. Akainua mkono polepole.

"SIKU ILE NILIONDOKA HUJAMALIZA," diwani akapayuka, akigonga benchi kwa kiganja, mahali karibu yake walipopaacha wazi kwa woga. "SOGEA HAPA. ENDELEA."